Maji Yakifika Konani

Kwa zaidi ya miaka kumi, mchanga wa Kwale, kusini mwa Mombasa, ulishushwa kwenye mifereji ya kuzunguka. Kampuni ya Base Titanium ilisafirisha shehena yake ya kwanza kupitia Likoni mwezi Februari 2014, ikamaliza kuchimba Desemba 2024. Muda wote huo kazi ya awali ya kutenga madini na mchanga wa kawaida ilifanywa na maji yanayoteremka. Mchanga uliochanganywa na maji ulimiminwa juu ya mfereji uliozungushwa kwenye nguzo. Ulipoanza safari ulikuwa rojo moja la kijivu. Ulipofika chini ulikuwa umeshajigawa: ukanda mweusi umekaa ndani, karibu na nguzo, na mchanga mweupe umesogezwa nje. Mwishoni palikuwa na vibao vya kugawa mkondo, mweusi ukapita njia yake na mweupe yake.

Mweusi ndio uliokuwa na thamani. Humo mna ilmenaiti kwa wingi, pamoja na rutaili na zirkoni. Ilmenaiti na rutaili hutoa unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za nyumba, plastiki na karatasi. Zirkoni huishia kwenye vigae. Kuyatenga madini hayo matatu moja na jingine ni kazi ya baadaye, ya sumaku na umeme. Kuutupa mchanga mwingi usio na faida hakukuhitaji sumaku, wala dawa, wala chujio. Kulihitaji mteremko, maji na kona isiyokwisha.

Mtambo wa namna hii ulibuniwa na Mmarekani Ira Humphreys, ukaanza kutumika mwaka 1943 huko Oregon kupata kromaiti kwenye mchanga wa pwani, wakati vita vya dunia vilipokuwa vimefanya madini ya kutengenezea chuma kigumu yawe adimu. Tangu hapo umesambaa popote penye mchanga mzito, kuanzia Australia hadi Afrika Kusini, na hauna hata kipande kimoja kinachozunguka. Kinachozunguka ni maji.

Mtu akiutazama kwa mara ya kwanza, huona mambo yamekwenda kinyume. Aliyewahi kusimama ndani ya daladala ikikata kona kwa kasi anajua mwili unaelekea upande gani: nje. Ujazo mmoja wa ilmenaiti una uzito wa karibu mara 4.7 ya maji, na ule wa kwatzi, yaani mchanga mweupe wa kawaida, mara 2.65. Kwa hesabu ya daladala, chembe nzito ndiyo ingerushwa mbali zaidi na nguzo. Mbona ndiyo iliyojibanza ndani?

Jibu lilitolewa kwa kikombe cha chai.

Mwezi Januari 1926, mbele ya Chuo cha Sayansi cha Prussia mjini Berlin, Albert Einstein aliwasilisha andiko fupi lililohusu sababu ya mito kujipinda. Alianza na jambo ambalo kila mnywaji wa chai ya majani ameliona. Koroga chai, kisha toa kijiko. Majani yaliyokuwa yakizunguka hayaendi kubandika kwenye ukuta wa kikombe. Hukusanyika chini, katikati kabisa.

Einstein aliwataka wasikilizaji wake waache kuyatazama majani, wayatazame maji. Chai inapozunguka hujisukuma kuelekea ukutani, na kwa hiyo kanieneo huwa kubwa karibu na ukuta na ndogo katikati. Juu na kati ya kikombe vitu hivi viwili hulingana: maji yanataka kwenda nje, kanieneo inayasukuma ndani, hakuna anayeshinda. Chini ni habari nyingine. Maji yanayogusa kitako cha kikombe hukwaruzwa na kupungua kasi, na maji yaliyopungua kasi hayana tena nguvu ya kwenda nje, ilhali kanieneo inayoyabana iko palepale. Yanashindwa, yanasukumwa kuelekea katikati. Yakifika hapo hupanda juu, husambaa kuelekea ukutani, kisha hushuka tena. Ndani ya mzunguko unaoonekana kuna mzunguko mwingine usioonekana, unaopanda na kushuka. Majani hupelekwa katikati na maji ya chini, na maji yanapoanza kupanda, majani hubaki kwa sababu ni mazito mno kubebwa juu.

Miezi michache baadaye Erwin Schrödinger alimwandikia Einstein barua. Mkewe, alisema, alikuwa amemuuliza siku chache kabla kwa nini majani ya chai hufanya hivyo, naye hakuwa na jibu la maana. Huyu ndiye Schrödinger ambaye mwaka huohuo alichapisha mlinganyo unaoeleza mwendo wa elektroni ndani ya atomu. Atomu ilikuwa imeshafunguka mbele yake, kikombe bado.

Einstein hakuwa wa kwanza. James Thomson, mhandisi na kaka wa Lord Kelvin, alikuwa ameeleza jambo lilelile mwaka 1876 alipoandika kuhusu mito ya nchi tambarare, kisha akalionyesha kwa majaribio. Mto ukifika konani, maji ya juu yenye kasi huelekea ukingo wa nje, maji ya chini yaliyokwaruzwa na sakafu huelekea ukingo wa ndani. Ya juu yanafika nje yakiwa hayana mzigo mwingi, yanautafuna ukingo. Ya chini yamebeba mchanga, yanauweka ndani. Ukingo mmoja unabomoka, wa pili unakua, na kona inazidi kuwa kona.

Wakazi wa bonde la Tana wameishi na jambo hili vizazi kwa vizazi. Mto huo unapokaribia bahari hujipinda mara nyingi hata mtumbwi husafiri mwendo mrefu na kujikuta umesogea kidogo tu. Kona ikizidi, siku ya mafuriko mto hukata njia ya mkato na kuiacha ile ya zamani ikiwa ziwa lililopinda. Maziwa kama Shakababo na Bilisa, katika delta ya Tana, ni vipande vya mto ulioondoka. Upande wa kusini, Rufiji nao umekuwa ukihama ndani ya bonde lake, ukimnyang'anya mkulima shamba ng'ambo hii na kumzalia mwingine mchanga ng'ambo ile.

Basi mchanga mweusi wa Kwale haukukaidi kanuni yoyote. Chembe nzito huzama hadi safu ya chini, na safu ya chini ndiyo inayokwenda ndani. Chembe nyepesi hubaki katika safu ya juu, na safu ya juu inakwenda nje. Kona haiisukumi chembe moja kwa moja. Inaisukuma kupitia maji ya orofa ambayo chembe imepanga. Anayetaka kujua chembe itaishia wapi aulize kwanza inaishi orofa gani.

Mto na kikombe vina uso wazi, na mtu anaweza kuvichungulia. Bomba halina. Mwaka 1911 John Eustice, aliyekuwa akifanya kazi Southampton, Uingereza, aliingiza nyuzi za rangi ndani ya mabomba ya kioo yaliyopindwa. Katika bomba lililonyooka uzi wa rangi ulipita bila kutikisika. Penye kona ulihama upande, ukagusa ukuta, ukarudi kwa kuuzungukia. Mwaka 1927 na 1928 mwanahisabati Mwingereza W. R. Dean alitoa hesabu ya kilichotokea. Maji ya katikati ya bomba, yenye kasi kuliko yote, hukimbilia ukuta wa nje. Yakifika hapo hayana pa kwenda, hugawanyika, nusu ikapita juu na nusu chini, yakirudi ndani kwa kuambaa kuta. Hivyo kila bomba lililopinda hubeba mizunguko miwili pacha, mmoja juu ya mwingine, ikizunguka kinyume. Leo huitwa mizunguko ya Dean, na ipo katika bomba la jikoni linapopinda kuelekea sinki, kama ilivyo katika mshipa mkubwa wa damu unaotoka moyoni na kukata kona kifuani.

Hapa ndipo hoja ya orofa inapokwama. Chukua chembe yenye uzito sawa na maji yaliyoibeba. Chembe za damu ndani ya majimaji ya damu zinakaribia kuwa hivyo. Chembe kama hiyo haizami, haielei. Ukiitia katika mizunguko pacha itapelekwa nje, itarudishwa ndani, itapelekwa tena. Mizunguko ya Dean peke yake haitengi kitu. Inakoroga, na kweli wako wahandisi wanaopinda mifereji makusudi ili vimiminika viwili vichanganyike haraka. Ili kona itenge chembe ambazo hazitofautiani kwa uzito, lazima kuwe na nguvu ya pili inayoshindana na mizunguko hiyo. Nguvu hiyo ilikuwa imeshaonekana zamani, ila hakuna aliyeihusisha na kona.

Daktari Mfaransa Jean Poiseuille, ambaye jina lake wanafunzi hulikuta kwenye kanuni ya mtiririko ndani ya bomba, aliwatazama vyura kwa hadubini katika miaka ya 1830. Aliona kwamba ndani ya mishipa yao midogo damu haikujaa ukuta hadi ukuta. Kando kando ya mshipa palikuwa na ukanda safi usio na chembe nyekundu. Chembe zilikuwa zinakaa mbali na ukuta. Sehemu ya sababu, kama ilivyojulikana baadaye, ni ulaini wa chembe zenyewe: kitu kinachonepa husukumwa mbali na ukuta kwa urahisi. Lakini hata kitu kigumu huhama.

Mwaka 1961 watafiti wawili wa Taasisi ya Weizmann nchini Israeli, Segré na Silberberg, walichapisha matokeo ya jaribio jepesi. Walitiririsha vipira vidogo vigumu, vyenye uzito sawa na kimiminika chake, ndani ya bomba lililonyooka, wakavihesabu kwa miale ya mwanga. Vipira viliingia vikiwa vimetapakaa kila mahali. Baada ya safari ndefu vilikuwa vimejipanga kwenye duara moja: si katikati ya bomba, si ukutani, bali kwenye sehemu 0.6 ya nusu kipenyo kutoka katikati. Hakuna aliyevisukuma kwenda huko.

Jambo hilo lilishangaza, na mshangao ulikuwa na msingi. Katika mtiririko wa polepole sana, ambamo mnato unatawala kila kitu, kipira hakiwezi kabisa kuhama upande. Mwanafizikia G. I. Taylor aliionyesha hali hiyo katika filamu ya kufundishia ya miaka ya 1960. Alitia tone la rangi ndani ya gliserini, kati ya mitungi miwili, mmoja ndani ya mwingine, akauzungusha wa ndani mara kadhaa hadi rangi ikapotea kabisa. Kisha akaurudisha nyuma idadi ileile ya mizunguko, na tone likarudi mahali pake. Katika ulimwengu huo mwendo ukigeuzwa, kila kitu hurudi kwa njia kilichojia. Sasa fikiria kipira kinachohama kuelekea ukutani wakati maji yanakwenda mashariki. Maji yakigeuzwa kwenda magharibi, kipira kingelazimika kurudi katikati. Lakini bomba halijui mashariki wala magharibi; likiwasukuma abiria wake ukutani kwa safari ya kwenda, litawasukuma ukutani hata kwa safari ya kurudi. Mambo hayo mawili hayawezi kuwa kweli pamoja, ila kama kipira hakihami kamwe.

Vipira vya Segré na Silberberg vilihama, kwa hiyo kulikuwa na kitu kilichovunja ulinganifu huo. Kitu hicho ni inesha, ile tabia ya maji yenye mwendo kutokukubali kubadilishwa mwendo ghafla. Kwa kuwa maji ya katikati ya bomba yana kasi kuliko ya pembeni, chembe iliyo kati yake hupitwa na maji kwa kasi tofauti kila upande, na tofauti hiyo huisukuma kutoka katikati kwenda ukutani. Ikikaribia ukuta, maji yanayobanwa baina yake na ukuta huirudisha. Mahali ambapo misukumo hiyo miwili inalingana ndipo chembe hutulia. Jambo la kutazamwa hapo ni ukubwa. Kwa makadirio wanayotumia wahandisi, msukumo huo hukua kwa kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe mara nne: chembe yenye kipenyo maradufu husukumwa mara 16.

Ilichukua karibu nusu karne nguvu hii kukutanishwa na kona. Sababu moja ni kwamba waliokuwa wakitengeneza mifereji midogo ya maabara, yenye upana wa unywele, walizoea kudhani kwamba katika udogo ule inesha imekufa na mnato ndio mfalme. Dhana hiyo ni sahihi maji yakienda polepole. Yakisukumwa kwa kasi ya mita moja kwa sekunde, inesha hufufuka. Mwaka 2007 Dino Di Carlo na wenzake, katika maabara ya Mehmet Toner huko Boston, walionyesha kwamba chembe ndani ya mfereji mdogo wa pembe nne hujipanga kwenye sehemu nne, moja mbele ya kila ukuta, na kwamba mfereji ukipindwapindwa, kona moja kubwa na inayofuata ndogo, sehemu hizo hupungua hadi chembe zote zikapita kwa mstari mmoja. Mwaka uliofuata kundi la Ian Papautsky katika Chuo Kikuu cha Cincinnati liliukunja mfereji mzunguko ndani ya mzunguko, likaingiza chembe za ukubwa wa aina mbili, maikromita 7.32 na maikromita 1.9. Zikatoka kwa milango tofauti.

Ufunguo ni tofauti ya hesabu. Mizunguko ya Dean huivuta chembe kwa kadiri ya kipenyo chake tu: kipenyo maradufu, mvuto maradufu. Msukumo wa inesha, kama ilivyosemwa, hupanda mara 16. Kwa hiyo katika mfereji mmoja, kwa kasi moja, kuna ukubwa ambao juu yake inesha inatawala na chini yake mizunguko inatawala. Chembe kubwa hukamatwa karibu na ukuta wa ndani, kwa sababu hapo nguvu mbili huelekea pande zinazopingana na zinaweza kulingana. Karibu na ukuta wa nje hakuna ulinganifu wa namna hiyo, chembe huondolewa na kupelekwa mzunguko mwingine. Chembe ndogo haina nguvu ya kukataa, inazungushwa tu. Mhandisi akibadilisha kimo cha mfereji au ukali wa kona, mpaka baina ya kubwa na ndogo unahama.

Wagonjwa wa saratani ndio walioifanya hesabu hii itoke kwenye maabara za vipira. Mwaka 1869 daktari Thomas Ashworth, nchini Australia, aliona katika damu ya mtu aliyekufa kwa saratani chembe zilizofanana na zile za uvimbe wenyewe. Leo inajulikana kwamba uvimbe unaweza kuzimwaga chembe zake ndani ya damu, na baadhi husafiri kwenda kuotesha uvimbe mpya kwingine. Kuzihesabu kungemsaidia daktari kujua ugonjwa unaendaje bila kumkata mgonjwa. Tatizo ni uchache wao. Mililita moja ya damu ina chembe nyekundu zipatazo bilioni 5 na nyeupe milioni kadhaa. Chembe za saratani katika ujazo huo zinaweza kuwa mbili, au moja, au zisiwepo. Katika saratani ya matiti iliyosambaa, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba wagonjwa waliokutwa na chembe 5 au zaidi katika mililita 7.5 za damu walikuwa na matarajio mabaya kuliko wengine. Tano tu, katika chembe nyekundu zinazokaribia bilioni 40.

Njia iliyokubaliwa hospitalini Marekani mwaka huohuo hutumia vumbi la sumaku lililopakwa kingamwili inayoshika protini fulani juu ya chembe ya saratani. Ni njia nzuri, ila chembe isiyokuwa na protini hiyo hupita bila kuguswa. Kona haiulizi protini. Chembe nyekundu ina upana wa maikromita 8 hivi, nyingi za nyeupe hazizidi 15, na chembe nyingi za saratani ni kubwa kuliko hizo. Mwaka 2013 watafiti wa Singapore walioshirikiana na wenzao wa MIT walichapisha kazi ya mfereji wa mzunguko ambamo damu huingizwa upande wa nje: chembe ndogo huzungushwa na kurudi nje, chembe kubwa hubaki zimeshikwa ndani. Mwaka 2014 walionyesha mfereji ambao kimo chake ni kikubwa upande wa nje kuliko wa ndani, uliopitisha sampuli ya mililita 7.5 kwa dakika 8. Chembe zilitoka zikiwa hai, tayari kuchunguzwa.

Inafaa kusema pia pale kona inaposhindwa. Damu nzima ni nzito mno kwa kazi hii. Chembe zimejazana kiasi kwamba zinagongana badala ya kufuata maji, kwa hiyo damu hupunguzwa makali, au chembe nyekundu hupasuliwa kwa dawa kwanza. Kisha kuna udanganyifu wa ukubwa. Zipo chembe za saratani ndogo kama chembe nyeupe, na zipo chembe nyeupe kubwa. Kona huzipokea zote kwa kipimo kimoja, na kipimo hicho hakijui ugonjwa. Kinachotoka upande wa ndani si saratani tupu, ni mkusanyiko wenye nafasi kubwa zaidi ya kuwa na saratani, na lazima mtu akae na hadubini na rangi za kutambulisha kabla ya neno kutolewa. Kona inapunguza kichaka. Sindano iliyofichwa humo bado inatafutwa na mtu.

Hata hivyo kuna jambo katika namna yake ya kuchagua linalostahili kufikiriwa. Chujio huchagua kwa kuzuia. Kila linachokamata kinabaki kwenye matundu yake, na kadiri linavyofanikiwa ndivyo linavyoziba. Kona haizuii. Kila kilichoingia kinatoka, kikubwa na kidogo, na tofauti pekee ni mlango wa kutokea. Ndiyo maana mtambo wa Humphreys uliweza kumeza mchanga usiku na mchana, na ndiyo maana mfereji wa unywele unaweza kupitisha mamilioni ya chembe hai bila kuzipasua.

Wala kona haina upande inaoupenda. Katika mashine ya kusaga mahindi, unga hupulizwa ndani ya pipa la bati lenye umbo la koni. Hewa inaingia kwa ubavuni, inazunguka, unga unatupwa ukutani na kuteleza hadi kwenye mfuko, hewa inatokea juu. Hapo kitu kizito kimekwenda nje, kinyume cha Kwale, kinyume cha chai. Unga ni mzito zaidi ya mara elfu moja kuliko hewa iliyoubeba, kwa hiyo hesabu ya daladala inashinda kila mzunguko mdogo unaojaribu kuingilia. Katika maji tofauti ni ndogo, mzunguko wa pili unapata sauti, na matokeo yanageuka. Katika damu tofauti ya uzito karibu haipo, ukubwa unabaki kuwa hakimu. Kona ni ileile mara tatu. Kinachobadilika ni nguvu ipi imezidi ipi, na hilo halijulikani kwa kuitazama kona. Linajulikana kwa kupima.

Historia ya jambo hili nayo imekwenda kwa namna hiyo. Thomson alikuwa na mto, Eustice na rangi, Poiseuille na chura, Segré na Silberberg na vipira. Kila mmoja alipima kilicho mbele yake kwa uaminifu na kuacha nambari nyuma yake. Nambari hizo zilikaa kwenye majarida ya fani tofauti, ya mito, ya mabomba, ya damu, bila kusomana, hadi mtu alipokuwa na haja ya zote kwa pamoja. Haikuhitajika kanuni mpya ya maumbile mwaka 2008. Zilihitajika kanuni mbili za zamani kuwekwa ndani ya mfereji mmoja.

Kanuni ya kwanza kati ya hizo, ile ya Thomson na Einstein, haihitaji maabara, na Afrika Mashariki ingeweza kuitumia zaidi kuliko inavyofanya. Skimu za umwagiliaji hulia kila mwaka juu ya mchanga: mfereji mkuu unajaa, wakulima wanaitwa na majembe kuuzibua, na baada ya mvua unajaa tena. Wakati mwingine kosa lilifanyika siku ya kwanza, pale banio lilipojengwa upande wa ndani wa kona, kwa sababu ukingo wa ndani ni mtulivu, hauna mmomonyoko, na unaonekana salama. Ni mtulivu kwa sababu ndiko mto unakotua mzigo wake. Vitabu vya uhandisi wa umwagiliaji vinashauri mdomo wa mfereji uwekwe upande wa nje, chini kidogo ya pale kona inapokuwa kali kuliko kote, mahali ambapo maji ya juu yasiyo na mchanga mwingi yanafika, na ukingo uimarishwe kwa mawe kwa kuwa ndio unaotafunwa. Gharama ya mawe hulipwa mara moja. Ya majembe hairudi. Kwa hiyo kamati ya maji inayojiandaa kujenga banio, kabla ya kumwaga zege, iteremke mtoni wakati wa kiangazi, maji yakiwa machache, iangalie mchanga umelala upande gani wa kona, kisha ijenge ng'ambo ya pili.